Mita Tisini na Sita

Kuna watu ukiwaambia saa ni nne, watatoka nje kwanza watazame jua. Mama Futi alikuwa mmoja wao, na wala hakuona haya. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na mitatu, na jina hilo alipewa kwa sababu ya futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake toka asubuhi hadi jioni, hata akienda sokoni, hata akienda msibani.

Wateja walimsema kwamba ana maneno mengi. Hawakujua kuwa maneno yale ni sehemu ya kazi. Mtu akisimama kupimwa hujinyoosha, hubana tumbo, hukaza mabega, anakuwa mtu mwingine kabisa. Basi Mama Futi alipima mara ya kwanza, akaandika kitu cha uongo kwenye daftari ili mteja aridhike, kisha akaanza porojo: mvua, watoto, mguu unaouma. Mteja akishasahau tumbo lake, futi inampitia tena kiunoni kama utani. Kipimo hicho cha pili ndicho kilichokata kitambaa. Na nguo zake zilikaa mwilini, watu wakasema ana mkono mzuri.

Njia hiyo hiyo aliitumia nyumbani. Akitaka kujua jambo, aliuliza mara moja, akapiga soga, akauliza tena. Wanawe wawili walikua hivyo, na hawakuwahi kufanikiwa kuficha hata kikombe kilichovunjika.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti. Miaka ishirini na sita alizitunza mashine za lifti za majengo marefu ya mjini, hasa lile la ghorofa nane karibu na soko. Mtu mpole, mkavu wa maneno. Mwanzoni mwa mwaka moyo ulimgomea akiwa kazini, akapelekwa hospitali, akalazwa siku kumi na moja. Siku ya kuruhusiwa, Mama Futi aliingia chumba cha daktari bila kuitwa, akakaa, akataka asikie kwa masikio yake mwenyewe.

"Atembee nusu saa kila siku, tena tambarare," daktari alisema. "Kazi hapana. Kubeba hapana. Ngazi asiguse kabisa, mpaka nimwone tena baada ya miezi mitatu. Akipanda ngazi anaucheza moyo wake pata potea."

Mama Futi aliyameza maneno hayo kama yalivyo. Baba yake mzazi alikufa kwa ugonjwa uleule, akiwa amewaambia wote kwamba ni gesi tu tumboni. Siku ya maziko kila mtu alikuwa na methali mdomoni: mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alikaa kwenye mkeka akiwaza kwamba alimuuliza baba yake mara moja tu. Hakurudia. Tangu hapo hakumwamini mtu yeyote juu ya mwili wake.

Sasa, binti yao mkubwa, anayefanya kazi nchi za mbali, akamtumia baba yake saa ya mkononi ya kisasa. Ukiondoka unabonyeza, ukirudi unabonyeza, nayo inaandika umetembea wapi, umbali gani, na binti huko aliko anaona kwenye simu yake. Mzee aliipenda. Kila asubuhi saa kumi na mbili alitoka, akarudi saa moja na kidogo, akanywa chai, akalala kidogo. Mambo yakawa shwari. Mpaka binti alipopiga simu Jumapili moja.

"Baba anaendelea vizuri, mama. Kilomita mbili na nusu kila siku, hakosi. Ila anapanda sana."

"Anapanda wapi?"

"Sijui. Saa inasema kila siku mita tisini na ngapi sijui. Jana tisini na sita."

Mama Futi alishika simu, akaacha kupumua. Mtaa wao ni tambarare mpaka maji ya mvua hayajui yaelekee wapi. Mita tisini na sita ni nyumba juu ya nyumba juu ya nyumba.

Jioni ile alimsubiri mumewe amalize kula.

"Leo ulipita wapi, baba?"

"Barabara ya chini, nikazunguka soko, nikarudi."

"Hukupanda popote?"

"Sijapanda hata ngazi moja, mama."

Akaongea habari za sare za shule alizoletewa, akaongea habari za jirani aliyehamia, akamwongezea maji kwenye glasi. Kisha, kama utani: "Na pale sokoni kuna vile vingazi vya nyuma, ulipita huko?"

"Nimekwambia sijapanda hata ngazi moja."

Maneno yaleyale, hakuna kilichozidi wala kupungua. Basi hapo ndipo shaka ilipomwingia Mama Futi barabara. Miaka thelathini na mitatu hajapata kumwona mtu anayetoa kipimo kilekile mara mbili, isipokuwa aliyejiandaa. Usiku huo alimsikiliza mumewe akipumua, akahesabu, akasinzia, akaamka akahesabu tena.

Kesho yake mchana, mzee akiwa amelala na saa iko kwenye chaja, aliichukua pamoja na simu ya mzee akavuka barabara hadi kwa Betri. Betri ni fundi simu, kibanda chake kinatazamana na cherehani, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye kucha ndefu za kufungulia vitu na mdomo usio na breki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii kitu inajuaje kwamba mtu amepanda?"

Betri aliigeuza saa, akaipuliza. "Mama, watu wengi wanadhani ni satelaiti. Satelaiti inajua vizuri uko wapi chini, barabara ipi, kona ipi. Lakini kwenda juu inababaika, inaweza kukosea nyumba nzima. Ndiyo maana saa nzuri kama hii ina hiki." Akamwonyesha kitundu pembeni, kidogo kuliko tundu la sindano. "Humu inapima uzito wa hewa. Ukipanda, hewa inapungua uzito. Ukishuka, inaongezeka. Saa inajua: hewa imepungua kiasi hiki, basi amepanda mita kadhaa. Halafu inajumlisha."

"Inajumlisha na kutoa."

"Hapana. Ya kupanda peke yake. Ukipanda kumi, ukashuka kumi, ukapanda kumi, inakwambia umepanda ishirini. Na vile vidogo vidogo, kama kuinua mkono au kuruka tuta, inavipuuza, la sivyo kila mtu angekuwa amepanda mlima akiwa kitandani."

 Hilo Mama Futi alilielewa upesi kuliko Betri alivyotegemea, maana hata yeye akipima kitambaa kilichokunjamana hahesabu kila kunyanzi.

"Na inaweza kusema uongo?"

"Inaweza. Hewa hubadilika na mawingu pia. Mvua ikikaribia, hewa inakuwa nyepesi, saa inadhani umepanda. Kitundu kikiziba kwa jasho na uchafu, inachanganyikiwa." Akacheka. "Au labda mzee kapata mlima wenye jina la mwanamke."

Mama Futi alimtazama. Betri akaacha kucheka, akaanza kutafuta bisibisi ambayo hakuihitaji. Lakini neno likishatoka limetoka, na lile lilimkaa Mama Futi kifuani kama mfupa wa samaki. Aliona aibu kulifikiria, akalifikiria.

"Tuijaribu," alisema. "Iwashe, iweke hapo mezani, usiiguse."

Saa ilikaa juu ya meza ya Betri kuanzia saa nane hadi saa kumi. Mawingu yalikuja, mvua ikanyesha kidogo. Mama Futi alishona sare huku akiikodolea macho toka ng'ambo ya barabara, mtu asije akaigusa. Walipoitazama, ilikuwa imepanda mita kumi na moja, na meza haijasogea hata kidole. Nusu ya roho yake ikashuka. Kumbe ni hewa tu. Kumbe mzee hana kosa. Alitaka kuamini, nasema kweli, alitaka sana.

Ila mkono wake haukuzoea kukata kwa kipimo cha kwanza. Akamwambia Betri afungue matembezi ya jana kwenye simu. Ukatokea mstari wa kijani, na juu yake meno manne. Juu, chini, juu, chini, juu, chini, juu, chini. Yamelingana kama mshono wa mashine. Akafungua ya juzi: meno manne. Ya siku iliyotangulia: manne.

"Mvua haishoni hivi," alisema.

Betri akakubali kwamba mvua haishoni hivi. Akabonyeza mahali pengine. "Kuna njia ya pili. Unaiambia simu iache hewa, itumie ramani. Ramani inajua ardhi ya kila mahali ina kimo gani." Akasubiri. "Mita tatu."

"Tatu?"

"Ramani inasema katembea tambarare. Hewa inasema kapanda tisini na sita. Moja inakudanganya, mama."

Mama Futi aliirudisha saa kwenye chaja, na simu mahali pake, kabla mzee hajaamka. Akakaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Ramani inajua ardhi. Hewa inajua juu. Ikiwa zote mbili zinasema kweli, basi ni mahali gani mtu anapanda na huku hajaondoka palepale ardhini? Akatazama ukuta wa jirani, ghorofa moja na kibaraza, nguo zimeanikwa juu, na jibu likamjia lenyewe. Ramani haina habari na nyumba. Mtu akipanda ghorofani, ardhi chini yake ni ileile.

Na katika njia yote ile, barabara ya chini mpaka soko, jengo refu ni moja.

Ghorofa nane, ngazi. Mara nne. Kila siku ya Mungu. Mama Futi hakuwaza tena mwanamke, au tuseme alimwaza mwanamke lakini hakumjali. Awe naye, shauri yake. Alichokiona ni mumewe ameshika ukuta kwenye ngazi za ghorofa ya sita, mdomo wazi, hakuna mtu karibu.

Asubuhi iliyofuata alijifanya amelala. Mlango ulipofungwa, akavaa viatu vya raba, akamfuata.

Mzee alitembea kama alivyoagizwa, taratibu, mikono nyuma. Barabara ya chini. Akazunguka soko. Akafika kwenye jengo la ghorofa nane, akasalimiana na mlinzi kama watu wanaoonana kila siku, akaingia. Mama Futi alihesabu mpaka ishirini akaingia nyuma yake.

"Mama, ofisi bado—" mlinzi alianza.

"Mume wangu kaingia humu."

Ukumbini hapakuwa na mtu. Kulia lifti, kushoto mlango wa ngazi. Hakujiuliza mara mbili, na kwa mtu kama yeye hilo ni jambo la ajabu. Akaufungua mlango wa ngazi akapanda mbio, akiita. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna jibu. Akasimama kushika pumzi, na hapo akasikia, nyuma ya ukuta, mngurumo wa kitu kinachopita kwenda juu. Kikanyamaza. Kikapita kushuka.

Alirudi chini polepole. Mlango wa lifti ulikuwa wazi, na mumewe amepiga magoti ndani yake, chaki mkononi.

"Mama," alisema mzee. Hakuinuka.

"Unafanya nini humo?"

"Napima."

Mama Futi aliinama. Akasogea. Sakafu ya lifti haikuwa sawa na sakafu ya ukumbi, ilikuwa imezama chini yake. Na kwenye fremu ya mlango palikuwa na mistari ya chaki, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na tarehe yake kwa mwandiko mdogo wa mumewe.

"Breki imelika," alisema mzee. "Nilimwambia msimamizi wa jengo kabla sijaugua. Nilipotoka hospitali nikamwandikia barua mbili. Anasema cheti cha ukaguzi kinaisha mwisho wa mwaka, na mimi ni mgonjwa, nikapumzike. Lifti ikishuka inapitiliza. Mwezi uliopita vidole viwili. Wiki jana vitatu. Nilijiambia ikifika vinne, lazima izimwe, atake asitake."

"Na leo?"

Mzee alimwonyesha mwanya kwa chaki. Mama Futi akavuta futi shingoni, akainama, akapima. Sentimita nane na nusu. Akainuka, akamuuliza mlinzi kama amekunywa chai, akainama akapima tena. Nane na nusu, vidole vinne na zaidi.

Ndipo akaona ujinga wake. Yale meno manne alikuwa ameyapima urefu tu. Chini ya mstari uleule simu iliandika na muda, naye hakuutazama, maana kitambaa hakina muda. Hakuna mgonjwa wa miaka sitini na mmoja anayepanda ghorofa nane kwa nusu dakika. Saa haikudanganya, ramani haikudanganya, na mzee naye kweli hakupanda hata ngazi moja.

"Kliniki ya watoto iko ghorofa ya tano," mzee alisema. "Inafunguliwa saa moja. Wanajazana humu, kina mama na watoto mgongoni, watu kumi na wawili mahali pa wanane. Swichi iko kwenye chumba cha mashine, juu darini. Ufunguo ninao."

Akausogelea mlango wa ngazi.

Mama Futi akatangulia, akausimamia. "Huko huendi."

"Basi napanda na lifti mpaka ya nane, zinabaki ngazi kumi tu za chuma."

"Na humo huingii tena. Lete huo ufunguo."

Walitazamana. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na mzee alijua uso ule haubishiwi. Akamwelekeza: mlango wa kijani, mkono wa kushoto, mpini mwekundu, uvute chini mpaka ulie, kisha ufunge mlango uje na ufunguo. Mama Futi akamrudishia maelekezo hayo neno kwa neno, kisha akapanda.

Ghorofa ya nne alivua sweta. Ya sita alikaa chini, akamtukana msimamizi wa jengo, akamtukana mumewe, akainuka. Zile ngazi za chuma alizipanda kwa mikono na magoti. Mpini ulikuwa mgumu, akaning'inia nao kwa uzito wake wote mpaka ukalia.

Aliposhuka, ukumbi umejaa. Kina mama wa kliniki wanabonyeza kitufe kisichowaka, na msimamizi, mtu wa shati lililopigwa pasi vizuri, anamsemesha mzee kwa kidole.

"Nani kazima lifti yangu?"

"Mimi," alisema Mama Futi.

"Wewe ni fundi?"

"Cherehani. Lakini kupima najua. Inama hapo utazame tarehe za huyu mzee, na barua zake mbili nataka zisomwe mbele ya hawa wenye watoto."

Msimamizi alitazama ile mistari ya chaki. Wenye watoto nao waliitazama. Mwanamke mmoja akamfunga mwanawe vizuri mgongoni, akaufungua mlango wa ngazi bila kusema neno, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Msimamizi alisogea pembeni akatoa simu.

Mama Futi na mumewe walikaa nje, kwenye kizingiti. Alimtazama mzee usoni, rangi yake, pumzi zake. Alikuwa salama. Bado kulikuwa na kitu hakijakaa sawa, na yeye hakuwa mtu wa kukiacha.

"Kwa nini saa kumi na mbili?" aliuliza. "Mchana kutwa huna kazi. Kwa nini utoke kiza hakijaisha?"

"Saa hizo jengo halina mtu."

"Kwa hiyo?"

Mzee alisugua chaki kwenye vidole. "Kuijua breki lazima uipande. Ikikataa, iwe nimo peke yangu."

Mama Futi alimpiga ngumi begani, moja, na hakumpiga kwa mapenzi. Kisha akalia palepale kizingitini, mlinzi anatazama, wapita njia wanatazama, futi imemkaa shingoni upande. Usiku alikuwa akihesabu pumzi za mtu ambaye kila asubuhi alimuaga kwa sauti ya kawaida, akaenda kuingia humo.

"Sikukudanganya hata siku moja," mzee alisema kwa upole.

"Najua," alisema Mama Futi. "Hilo ndilo sitakusamehe."

Akamwinua, akamshika mkono wa shati, na hakuuachia mpaka nyumbani.